Grogan ya mafundi na Gertrude's ya watoto: Majina mawili, nyumba moja

Nianze na swali, wewe unayeamka saa kumi alfajiri pale Kiritiri kuwahi matatu ya kwanza ya Nairobi. Ukishashuka maeneo ya Tea Room, na mjomba amekutuma spea ya ile Probox yake ya kubeba muguka, utaelekezwa wapi? Muulize makanga, mwenye mkokoteni, hata askari wa kaunti. Wote watakunyoshea kidole upande mmoja: teremka Grogan.

Angalia kibao cha barabara lakini. Kimeandikwa Kirinyaga Road, na jina hilo lilikuja baada ya uhuru. Mafundi wa pale, ambao wengi wamezaliwa miaka na mikaka baada ya bendera ya mkoloni kushushwa, hawana habari na kibao. Kwao ni Grogan tu, mahali pa gasketi, shokabsoba na injini za mtumba. Mimi mwenyewe nilipita hapo miaka kadhaa nikidhani Grogan ni jina la duka fulani la spea lililofungwa zamani.

Kuna jina la pili ambalo ulilipita safarini bila kulitilia maanani. Kabla hujafika Ngara, pale Thika Road inapogusa Muthaiga, kuna njia inayochepuka kuingia kwenye miti mirefu na mageti makubwa. Huko ndani ndiko iliko Gertrude's, hospitali ya watoto ambayo wazazi wa Nairobi huitaja kwa heshima na hofu kwa pamoja. Heshima ni ya madaktari. Hofu ni ya bili.

Gertrude alikuwa mkewe Grogan. Hiyo ndiyo stori ya leo, na nakuonya mapema kwamba si stori tamu mwanzo hadi mwisho.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwezi Desemba 1874, katika familia ambayo hata huku kwetu ingeshangaza majirani: watoto 21. Baba yake alikuwa mtu wa mali na hadhi, na kijana alipelekwa shule za maana, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakumaliza. Alikuwa mtukutu, mwenye kichwa kikali na ulimi mkali zaidi, na masomo yalimchosha upesi. Mwaka 1896 akajikuta kusini mwa Afrika, akipigana upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wandebele, nchi tunayoijua leo kama Zimbabwe. Akaugua vibaya, akaenda kupumzika New Zealand kwa rafiki yake wa chuo.

Rafiki huyo alikuwa na dada, Gertrude Watt.

Unajua mambo yanavyokwenda. Kijana hana kazi, hana digrii, mfukoni hakuna cha maana, halafu anamtaka msichana wa familia tajiri. Baba wa kambo wa Gertrude alimtazama akaona hapa hakuna mume. Grogan, badala ya kwenda kutafuta kazi kama watu wengine, akaahidi jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kulivuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, Cape hadi Cairo. Yaani wewe unaambiwa mahari ni mbuzi kadhaa na mzinga wa asali unalalamika. Mwenzako alijipimia bara zima.

Aliondoka Beira, pwani ya Msumbiji, mwaka 1898, akiwa na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Wakapanda hadi Ziwa Nyasa, wakafuata Ziwa Tanganyika, wakapita Ujiji, Ziwa Kivu na milima ya volkano iliyo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo. Sharp alichoka wakiwa Uganda, akashika njia ya pwani kurudi kwao. Grogan akaendelea kaskazini, akakata vinamasi vya Sudan ambako njaa, homa na mapigano nusura vimmalize. Februari 1900 akaingia Cairo akiwa na umri wa miaka 25. Oktoba mwaka huohuo akamwoa Gertrude. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka huo pia, na London nzima ikamjua.

Lakini hakuwa peke yake njiani, ingawa picha nyingi zinamwonyesha hivyo. Mizigo ya safari hiyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Miongoni mwao walikuwamo Watonga wa ufuo wa Ziwa Nyasa, ambao walikwenda mbali mno na kwao kwa ajili ya ndoa ya mtu mwingine. Wao hawakualikwa harusini.

Mwaka 1904 Grogan na mkewe wakaja Kenya. Nairobi wakati huo ilikuwa kambi ya reli iliyokua ikawa mji wa mabati na matope. Wazungu wengi walikuja kutafuta shamba la kulima. Grogan alikuja kutafuta kila kitu. Alipata kibali cha kukata mbao kwenye misitu ya upande wa Eldama Ravine. Alishika ardhi ya kujengea bandari huko Mbaraki, Mombasa. Alinunua kinamasi kikubwa kando ya Mto Nairobi, ambacho watu walimcheka kwacho, na ndicho sehemu yake leo unaijua kwa jina la Gikomba. Barabara iliyopita kando ya mali hiyo ndiyo iliyoitwa kwa jina lake. Alijenga nyumba kubwa akaiita Chiromo. Kama umesoma Chuo Kikuu cha Nairobi au una ndugu aliyesomea sayansi pale, basi umekanyaga uwanja wake. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, yakaanguliwa na kutiwa katika mto Gura, Aberdare. Wanaovua trauti kwenye mito baridi ya milimani siku hizi wengi hawajui kwamba samaki huyo ni mhamiaji, na aliyemleta ni Grogan.

Sasa tufike mahali ambapo wasifu mwingi wa mzee huyu hupitishwa haraka.

Mwaka 1906 jeshi la Waingereza lilivamia Embu, likachukua mifugo, likaua, na kituo cha serikali kikafunguliwa. Wazee wetu walikuwa ndio kwanza wanajifunza maana ya kutawaliwa. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Machi 1907, Nairobi ikaonyeshwa maana hiyo mchana kweupe.

Wanaume watatu Wakikuyu walikuwa wakivuta riksho, ile teksi ya magurudumu mawili iliyovutwa na binadamu. Abiria wao walikuwa wanawake wa kizungu. Walidaiwa kuinua mikono ya riksho juu sana, ikawayumbisha abiria, na kwamba walipokaripiwa walijibu kwa jeuri. Basi. Hakuna aliyeibiwa wala kuumizwa. Grogan, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa chama cha walowezi, hakuwapeleka polisi. Yeye na wenzake waliwaburuta hadi mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa wazungu ukakusanyika, baadhi yao na bunduki. Hakimu alitoka akajaribu kuwasihi waache. Hawakumsikiliza. Watatu hao wakachapwa kiboko, mapigo 25, mlangoni mwa korti yenyewe.

Zingatia mahali walipochagua. Wangeweza kuwachapa nyuma ya zizi, na mambo kama hayo yalifanyika mashambani kila wiki bila gazeti kuandika. Walichagua mlango wa mahakama ili serikali yao wenyewe ione kwamba sheria haitawazuia. Kiboko kiliwaumiza wavuta riksho, lakini ujumbe ulikuwa wa hakimu.

Serikali iliaibika, habari zikafika hadi Bunge la Uingereza, na Grogan na wachache wengine wakashtakiwa. Unadhani kwa kosa gani? Mkusanyiko usio halali. Grogan alipewa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500. Hata huo mwezi hakuutumikia kwenye jela uliyoizoea kwenye sinema. Waliwekwa katika nyumba huko Nairobi Hill, marafiki wakienda kuwatembelea. Alitoka akiwa shujaa kwa watu wake.

Gertrude alifikiriaje kuhusu siku hiyo? Kumbukumbu za mji ule ziliandikwa na wanaume, na yeye anatokea humo pembeni tu: mke, mwenyeji wa wageni, mama wa mabinti wanne. Mumewe alikuwa mtu wa kupotea. Leo yuko msituni, kesho Mombasa, kesho kutwa London kutafuta mkopo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa afisa wa upelelezi na kiungo kati ya Waingereza na Wabelgiji wa Kongo, akarudi na nishani. Hakuwa mwaminifu kwenye ndoa pia, na waandishi wa maisha yake hawakulificha hilo. Biashara zake zilipanda na kushuka kama bei ya ndengu: mwaka 1928 alifungua hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, iliyokuwa ya kifahari kuliko karibu zote za enzi hiyo, na baadaye akahamishia nguvu zake Taveta, kwenye mashamba ya mkonge, akajenga nyumba ya ajabu juu ya kilima ambayo mpaka leo inaitwa kasri la Grogan. Ardhi ya Taveta nayo imeacha mgogoro wa maskwota ambao wanasiasa wa huko hawajauacha hadi zama zetu.

Gertrude alifariki mwaka 1943, moyo ulimsimama. Grogan alikuwa na miaka 68.

Hapa ndipo mtu huyu ananichanganya. Yule aliyevuka bara kwa ajili ya msichana, kisha akamwacha nyumbani miaka mingi akifuata mali, sasa alikuwa mzee na hana wa kumrudia. Mwaka 1947 akatoa ardhi Muthaiga ili pawe mahali pa kutunzia watoto, kwa kumbukumbu ya mkewe. Pakaitwa Gertrude's Garden, bustani ya Gertrude. Ukiniuliza mimi, hilo lilikuwa deni la mume kwa mkewe kuliko zawadi ya mlowezi kwa nchi.

Usidhani kwamba mtoto wa Kiritiri wa mwaka 1947 angebebwa mgongoni hadi bustani hiyo akapokelewa. Nairobi ilikuwa imekatwa vipande kwa rangi ya ngozi, mpaka vitandani. Waafrika walikuwa na hospitali yao, ambayo mwaka 1952 iliitwa King George VI na leo ni Kenyatta. Hospitali ya Wazungu iliyofunguliwa mwaka 1954 ndiyo Nairobi Hospital ya sasa. Jina lake la kwanza lilikuwa hilohilo, European Hospital, bila kuficha. Wahindi walijijengea zao, na hospitali ya Aga Khan ikafuata mwaka 1958. Muthaiga yenyewe ilikuwa mtaa ambao Mwafrika aliingia kama mpishi, mtunza bustani au yaya. Katika mji wa namna hiyo huhitaji kuambiwa bustani ilipangiwa watoto wa nani.

Na mwenye kutoa shamba hilo hakuwa amebadilika. Serikali ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Grogan alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na alitaka mkono mzito dhidi ya Mau Mau, hata kunyonga baadhi ya washukiwa wengine wakitazama. Ukirudi kwenye matatu yako kutoka Kiritiri, baada ya kupita Embu unaingia Mwea. Ile mifereji ya mpunga unayoiona dirishani, mingi ilichimbwa na mahabusu wa kambi za Mwea miaka hiyo, sehemu hizo zikiwa bado chini ya Wilaya ya Embu. Huenda babu ya mtu unayesoma naye alishika sururu pale. Sasa hesabu: saa chache baadaye gari hilohilo linapita Muthaiga, kwenye hospitali iliyoanzishwa na mtu aliyeona hata kambi hizo ni upole.

Uhuru ulikuja 1963, rangi ikaondolewa milangoni, angalau ile iliyoandikwa. Gertrude's ikabaki na jina lake. Ikakua kutoka bustani hadi kuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za kibinafsi za watoto Afrika Mashariki, yenye makao Muthaiga na kliniki mitaani Nairobi na nje yake. Haina mwenye hisa anayegawana faida. Inaendeshwa kama wakfu, na ina taasisi ya hisani inayosaidia kugharimia matibabu ya watoto wasiojiweza. Inafundisha pia wauguzi kazi ya kutunza watoto.

Pengine unajiuliza kwa nini watoto wahitaji hospitali yao. Muulize muuguzi yeyote aliyewahi kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto wa wiki mbili mwenye homa na aliyeishiwa maji. Mshipa wenyewe ni kama uzi. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo za mwili wake, na kosa dogo la hesabu ambalo mtu mzima angelilalia tu linaweza kumwua yeye. Mashine ya kupumulia, kitambaa cha kupimia presha, barakoa ya oksijeni, vyote vinatakiwa vya saizi yake. Ndiyo maana pale kuna idara ya dharura usiku na mchana, chumba cha wagonjwa mahututi cha watoto, kitengo cha watoto wachanga, upasuaji, matibabu ya saratani, meno, na mazoezi ya viungo. Mtoto hawezi kukuambia wapi panauma. Kuna watu wamesomea kusoma kilio.

Swali la hela lipo, na tusilizunguke. Kiritiri mtoto akizidiwa usiku, safari ya kawaida ni Embu, hospitali ya Level 5. Anayevuka hapo hadi hospitali ya kibinafsi Nairobi ni yule mwenye bima ya kazini, au ambaye ukoo wake umeitisha harambee kwenye WhatsApp. Zamani mlango wa Muthaiga ulikuzuia kwa ngozi yako. Sasa unaulizwa kadi ya bima. Ni maendeleo, ndiyo, na nimewaona watoto wa Kimbeere, wa Kisomali na wa Kihindi wamekaa benchi moja wakigombania kitoroli cha plastiki. Lakini benchi hilo lina bei.

Je, watu watatu wa riksho tuwaweke wapi katika hesabu hii? Nimekutana na vijana wanaosema jina la Gertrude lifutwe, kama Grogan Road ilivyofutwa. Wengine wanasema mama huyo hakumchapa mtu, na hospitali imeokoa watoto wa wajukuu wa waliochapwa, kwa hiyo yaishe. Mimi siko upande wa kufuta. Ningependa tu kwamba pale mlangoni, chini ya jina la mama, mzazi anayesubiri zamu aweze kusoma stori nzima ya mumewe, pamoja na ile Machi ya 1907. Mzazi ana muda. Foleni ya watoto haijawahi kuwa fupi.

Grogan mwenyewe aliishi kuona uhuru aliokuwa ameupinga. Aliondoka Kenya uzeeni, akafariki Cape Town mwezi Agosti 1967, akiwa na miaka 92, upande uleule wa bara alikokuja kwanza akiwa kijana. Barabara yake ikapewa jina la mlima mtakatifu wa watu aliowachapa. Ukifika kesho na orodha ya mjomba, fundi atakuuliza unataka spea orijino au ya Dubai, na atakuambia duka lake liko hapa hapa Grogan, mkono wa kushoto.